Namna ya Kuomba Kibali cha Nyumba ya Pamoja ya Watu Wenye Ulemavu Nchini Marekani

Kabla hujalipia pango la nyumba unayokusudia kuwaweka watu wenye ulemavu, zisome kanuni za matumizi ya ardhi za mji husika, ukianzia pale zinapofafanua neno "familia", kwa maana hapo ndipo maombi mengi hukwama. Miji mingi huruhusu ndugu wa idadi yoyote kuishi pamoja katika mtaa wa makazi, lakini wasio ndugu huwekewa kikomo.

Kikomo cha namna hiyo ndicho kilichofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1995. Mji wa Edmonds, jimbo la Washington, haukuruhusu zaidi ya watu 5 wasio ndugu, ilhali nyumba ya pamoja ya Oxford House ilikuwa na watu wazima kati ya 10 na 12 waliokuwa wakijinasua kutoka kwenye ulevi na dawa za kulevya, ambao kisheria nao huhesabiwa kuwa na ulemavu. Mahakama, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba kanuni hiyo haikuwa nje ya Sheria ya Makazi ya Haki ya 1968, ambayo tangu marekebisho ya 1988 inawalinda pia watu wenye ulemavu. Wengi huinukuu hukumu hii vibaya: haikusema kwamba Edmonds ilibagua, bali kwamba swali hilo lilistahili kusikilizwa. Kumbuka pia kwamba anayeendelea kutumia dawa haramu halindwi kwa sababu ya matumizi hayo.

Kikomo kikikubana, uandikie mji barua ya kuomba marekebisho stahiki, yaani ulegeze kanuni kwa sababu ya ulemavu wa wakazi, na usiishie kusema kwamba wakazi wako ni walemavu. Onyesha jinsi idadi unayoiomba inavyohusiana na ulemavu wao, kwa mfano: "Tunaomba wakazi 8 badala ya 5, kwa kuwa aliyeacha pombe huhitaji wenzake karibu saa zote ili asirudie, na wakiwa 5 michango yao haitoshi kulipa pango." Majina na vyeti vya hospitali vya wakazi usiviambatanishe. Mji unaweza kukataa endapo ombi litauletea mzigo mkubwa kupita kiasi wa fedha au uendeshaji, au litabadilisha kiini cha mpango wake wa ardhi. Kwa hiyo jibu mapema masuala ya maegesho na taka.

Majirani watakuja kwenye kikao cha mji cha kujadili ombi lako, na baadhi watasema maneno makali. Hofu yao peke yake si sababu ya kukunyima kibali: mwaka 1985, katika kesi ya Cleburne, Texas, iliyohusu nyumba ya watu 13 wenye ulemavu wa akili, Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo, ingawa iliegemea Katiba, si Sheria ya Makazi ya Haki. Kuhusu kanuni zinazotaka nyumba za aina hii ziwe mbalimbali, mahakama za rufaa zimetofautiana. Hukumu ya 1991 iliyakubali masharti ya St. Paul, Minnesota, na ya 1996 ikayatupa ya jimbo la Michigan, basi muulize wakili wa jimbo lako.

Ukikataliwa, dai jibu la maandishi lenye tarehe. Una mwaka 1 wa kulalamika kwa Wizara ya Makazi na Maendeleo ya Miji, ambayo mashauri ya kanuni za ardhi huyapeleka Wizara ya Sheria, na miaka 2 ya kufungua kesi mahakamani.