Paspoti imeharibika na uko nje ya nchi: cha kufanya kabla hujakata tiketi

Kama paspoti yako imepita kwenye mashine ya kufulia, au mtoto kaichora, au ule ukurasa wenye picha umeanza kubanduka, cha kwanza kabisa naomba usiitengeneze mwenyewe. Usibandike selotepu, usipake gundi, usiipeleke stationery wakakulaminetia, wala usifuate kwa peni herufi zilizofifia. Paspoti iliyolowa kila afisa anaelewa imelowa, lakini ikishakuwa na gundi pembeni ya picha inaonekana kama kuna mtu alitaka kubadilisha picha, na hapo badala ya kujibu maswali ya karatasi unajibu maswali ya kughushi, kwenye nchi ya watu, kwa lugha ya watu.

Ikiwa imelowa ifungue taratibu, kandamiza kwa tishu au kitambaa kikavu, weka tishu katikati ya kurasa, laza kitu kizito juu na uiache chini ya feni, tishu zikilowa badilisha. Usitumie pasi wala drayer ya nywele, na usianike juani, hasa jua la Muscat au Doha, maana joto linapinda plastiki na paspoti zetu za Tanzania zinazotolewa tangu 2018 zina chipu ndani. Na ikikauka vizuri usidhani imepona. Unaikausha ili taarifa na viza zako zisomeke wakati unaomba nyingine. Afu piga picha kila ukurasa, hata mtupu, na kava pia, ujitumie kwenye imeili yako, sio kubaki nazo kwenye simu peke yake.

Sasa utajuaje kama bado inafaa? Angalia ukurasa wa taarifa kwanza. Picha, jina, namba, na ile mistari miwili ya chini yenye herufi na alama za < ambayo ndo mashine inasoma, kila mstari una herufi na alama 44, hata sehemu ndogo ikifutika mashine inaweza kugoma. Kisha hesabu kurasa, zina namba, ukikosa mmoja hiyo imeharibika hata kama ukurasa wenyewe ulikuwa mtupu. Angalia uzi wa katikati na kava. Doa dogo la chai kwenye ukurasa wa nyuma au kona iliyojikunja kwa kawaida sio kesi. Geti la kielektroniki likikukataa mara moja usipanick, linaweza kuwa geti, lakini likigoma kila uwanja na afisa akalazimika kuingiza taarifa kwa mkono, huenda chipu ina matatizo.

Na ujue anayeamua sio wewe. Mara nyingi hata sio uhamiaji, ni yule kijana wa kaunta ya ndege. Shirika la ndege likikupeleka nchi ikakukataa, linapigwa faini na linakurudisha kwa gharama yake, kwa hiyo akiwa na wasiwasi kidogo tu anakuacha, na tiketi nyingi za bei rahisi ndo zinapotea hivyo. Kusema "nilipita nayo mwezi uliopita" haisaidii. Ndo maana nasema shughulikia sasa ukiwa huna safari, sio wiki ambayo mama anaumwa nyumbani.

Hapa naomba nikazie kitu. Kuna watu watakushauri useme imepotea, eti ni rahisi. Usikubali. Kwanza ni uongo kwa serikali yako mwenyewe. Pili ukiripoti imepotea namba yake inafutwa na inaweza kuingizwa kwenye kanzidata ya Interpol, polisi wa kimataifa, ya hati zilizoibwa na kupotea, ipo tangu 2002 na nchi nyingi zinaiangalia mpakani, ikishaingia humo huwezi kusema samahani nimeiona ukaendelea kuitumia. Tatu utadaiwa loss report ya polisi, yaani uende kituo cha polisi cha nchi ya watu ukaandikishe kitu ambacho hakijatokea. Na viza iliyomo humo unaipoteza bure. Paspoti iliyoharibika ni ushahidi wako, ukiwa nayo mkononi, hata vipande, unathibitisha wewe ni nani.

Ubalozini unaanzia kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, unajaza fomu mtandaoni, kwenye sababu ya kuomba sema ukweli kwamba imeharibika, unaiprinti unakwenda nayo. Kabla hujapanda basi wapigie simu ubalozi wako uulize wanapokea siku gani, wanalipwaje, na kama alama za vidole zinachukuliwa hapohapo, maana kila kituo kina utaratibu wake na mtu anayeishi Salalah akienda Muscat bure hizo ni siku za kazi zimekwenda. Beba paspoti yenyewe, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), cheti cha kuzaliwa, kibali cha kuishi, picha, na mara nyingi wataulizia cheti cha kuzaliwa cha mzazi mmoja au kiapo. Cheti ndo kinawachelewesha wengi. Kama kiko kwenye sanduku kijijini, mtu wa nyumbani akitafute leo, au aanze kufuatilia RITA wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, usisubiri mpaka ubalozi uulize. Ulizia pia muda wa kusubiri, na usiahidi mtu tarehe ya safari kabla paspoti haijafika mkononi.

Andika na barua fupi ya maelezo, nusu ukurasa inatosha, usiweke hadithi ndefu. Kwa mfano: "Mimi fulani, mwenye paspoti namba fulani, naeleza kuwa tarehe fulani paspoti yangu ililowa maji nyumbani ninapoishi, ukurasa wa taarifa umefifia na kurasa mbili zimechanika. Sijaifanyia marekebisho yoyote. Naomba nibadilishiwe." Saini, tarehe, simu. Sentensi ya kutofanya marekebisho usiisahau.

Dada zangu mnaofanya kazi za ndani, najua wengine paspoti iko kwa kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, na hata mnasikia tu kwamba imeharibika. Paspoti ni yako. Qatar sheria namba 21 ya 2015 inaweka faini mpaka riyali 25,000 kwa mwajiri anayeishikilia, na nchi nyingine za Ghuba nazo zinakataza. Muombe kwa meseji ya maandishi, kwa adabu, ukisema unaihitaji kuipeleka ubalozini, na utunze hiyo meseji. Akikataa wapigie ubalozi uwaambie hivyohivyo, hata kama una fotokopi tu au namba uliyoandika kwenye daftari.

Watu wanasahau kwamba paspoti mpya ina namba mpya, na kibali chako kimefungwa kwenye namba ya zamani. Ubalozini omba urudishiwe ile ya zamani ikiwa imefutwa, uombe wasitoboe ukurasa wenye viza hai. Saudia mwajiri anahamishia taarifa kwenye mfumo, ndo ile watu wanaita nakli maalumati, usikubali kupanda ndege kabla hajafanya. Emirati tangu 2022 hawabandiki tena stika ya ukaazi, wanategemea Emirates ID, kile kitambulisho cha mkaazi, lakini namba ya paspoti kwenye mfumo lazima ibadilishwe. Uingereza viza sasa ni ya kielektroniki, unaingia kwenye akaunti yako ya UKVI (idara yao ya viza) unaweka paspoti mpya. Viza ya Marekani kama yenyewe haijaguswa na bado hai, unasafiri na paspoti zote mbili, ila ikiwa viza nayo imeharibika unaomba upya.

Kama ni msiba na huwezi kusubiri, ubalozi unaweza kukupa hati ya dharura ya safari. Inakufikisha nyumbani, haikurudishi ulikotoka, kwa hiyo kama una kazi huku uliza kwanza kibali chako kinakaaje ukitoka nayo, na uliza shirika la ndege kama nchi unayobadilishia ndege inaikubali. Ndege ya moja kwa moja ni salama zaidi hata ikizidi bei.

Siku ya kuchukua mpya usiondoke kaunta. Soma jina herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, saini hapo wanapokuelekeza. Ukiona Mwanaisha imekuwa Mwanaidi sema hapohapo. Ukishatoka badilisha namba benki, kwa mwajiri, na kama tayari ulikuwa na booking ingia urekebishe taarifa za paspoti kabla ya check-in.