Pankeki za ndizi bila sukari

Chukua ndizi 2 zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi, hizo ndo tamu maana wanga wake ushageuka sukari, zile za kijani achana nazo kabisa. Ponda kwa uma, weka mayai 2, kikombe 1 cha oti uliyosaga kwenye blenda, beking pauda nusu kijiko cha chai na mdalasini kidogo. Sasa subiri dakika 10, usiruke hapa, mi niliwahi kuruka zikamegukia kwenye kikaango nikaishia kula makombo kwa kijiko, oti inatakiwa inywe maji kwanza. Moto mdogo, mafuta ya kupaka tu, pankeki ndogondogo, ukiona vitobo juu na pembeni pamekauka geuza.