Somo: Kufufua hita ya Beetle na kuongeza feni ya kioo cha mbele

Wenye Beetle (ile Volkswagen ya zamani yenye injini nyuma) wengi hapa Dodoma wameshaambiwa na mafundi kwamba hita ni mzigo, ing'olewe, mji wenyewe una joto. Sikubaliani nao hata kidogo. Mvua zikianza Desemba, pakia watu watatu walioloa, funga vioo, uone kama utafika mbali kabla kioo cha mbele hakijajaa ukungu. Kuna na safari ya alfajiri ya Julai, unapita Mtera unapanda Iringa, juu ya mita 1,500. Dereva anayefuta kioo kwa kiganja huku malori yanakuja mbele yake anahatarisha kila aliyemo ndani. Hita ya gari hili ni kifaa cha kuona barabara, basi tuitengeneze.

Injini ya Beetle haina rejeta wala maji ya moto, kwa hiyo joto linatoka kwenye bomba la moshi. Feni iliyofungwa kwenye shafti ya dainamo inapuliza hewa juu ya silinda, na sehemu ya hewa hiyo inashuka kwa mipira miwili ya kupitishia hewa hadi kwenye masanduku ya joto, moja kila upande. Ndani ya sanduku mnapita bomba la moshi lenye mapezi, yaani vibati vyembamba vya kutolea joto. Hewa inazunguka mapezi, inashika joto bila kuchanganyika na moshi, inaingia kwenye mihimili iliyo chini ya milango, halafu inatokea miguuni na chini ya kioo. Huo ni mpangilio wa modeli za 1963 na baada yake. Za zamani zaidi zilichukua hewa iliyokwisha kupita kwenye silinda, ndiyo maana oili ikivuja kidogo tu, harufu yote iko ndani.

Tatizo la kuzaliwa ni kwamba feni inafuata mwendo wa injini. Ukiwa kwenye foleni, injini inanguruma polepole, hewa haifiki kwenye kioo. Hapo ndipo tutaongeza feni ya umeme, lakini si kabla ya hatua ya kwanza.

Hatua ya kwanza: masanduku ya joto. Hii usiiruke kwa sababu yoyote. Bomba la ndani likitoboka, moshi unaingia kwenye njia ya hewa, na ndani ya moshi mna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inaua. Injini ikiwa imepoa, inua gari kwa jeki, liegemeze kwenye stendi imara (jeki peke yake haitoshi), kisha fungua masanduku. Nati zake huwa zimeshikwa na kutu, zinyunyizie mafuta ya kulegeza tangu jana yake ili usikate stadi, yaani boliti zinazoshikilia masanduku. Ziba ncha moja ya bomba la moshi, jaza maji, angalia kama yanachuruzika kwenye ganda la nje. Yakitoka, sanduku hilo halifai. Fundi atakwambia atachomelea kiraka; mkatalie, kwa sababu joto na mtikisiko vitakifungua na wewe hutajua. Ganda la nje likiwa na kutu kidogo, hilo linachomeleka. Unaporudisha, weka gasketi mpya pande zote.

Hatua ya pili: vali na kebo. Kila sanduku lina vali, yaani mlango mdogo wa hewa unaovutwa na kebo. Katika modeli za karibu 1965 na kuendelea, kebo zinavutwa na vishikio vilivyo pembeni mwa handbreki. Kebo ikiwa imeganda, itoe yote, safisha mrija wake, paka grisi. Hakikisha mlango unafunga kabisa, la sivyo Oktoba utaokwa humo ndani.

Hatua ya tatu: njia ya hewa. Gari lililosimama muda mrefu huku kwetu huwa na vumbi jekundu, viota vya nyigu, pengine hata pamba za panya. Puliza kwa kompresa kutoka mbele kwenda nyuma, mipira ikiwa imefunguliwa. Magari yaliyoishi Tanga au Dar mara nyingi mihimili yake imeliwa na kutu. Mhimili ule unabeba bodi pia, kwa hiyo ukitoboka ni kazi ya fundi bodi, usiufunike kwa putti.

Hatua ya nne: feni. Tumia feni ya bomba ya volti 12, ile inayotumika kwenye boti kutolea mvuke wa petroli. Ukiikosa, mota ya hita kutoka gari dogo lililokatwa vipuri inafaa, mradi uitengenezee jumba lake. Wengine huiweka nyuma, karibu na injini. Mimi naipenda mbele, kwenye mpira unaopandisha hewa kwenye kioo: fungua boneti ya mbele, toa ubao wa kufunika nyuma ya dashibodi, utauona. Kule mbele plastiki haiungui, na hewa yote inakwenda unakoitaka.

Hatua ya tano: umeme. Waya utoke betri, upite kwenye fyuzi, kisha rilei (swichi kubwa inayowashwa na umeme mdogo), ndipo ufike kwenye feni. Swichi ya dashibodi iamrishe rilei tu. Soma ampea zilizoandikwa kwenye feni, fyuzi izidi kidogo. Dainamo ya kawaida ya volti 12 inatoa ampea 30, na injini ikiwa inanguruma polepole haichaji chochote cha maana. Ukiwasha taa, waipa na feni ukiwa kwenye foleni, unakula betri.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mzee. Langu masanduku yaliondolewa zamani, yakawekwa mabomba matupu. Nifanyeje?*

Marahaba kijana wangu. Kabla ya lolote fungua boneti ya nyuma uangalie matundu mawili ya mipira kwenye jumba la feni. Yakiwa wazi, hewa ya kupoza silinda inapotea hapo, na injini inachemka bila wewe kujua. Yazibe leo. Kisha feni ya mbele ivute hewa ya nje. Haitakuwa ya moto, ila hewa kavu inayotembea inaondoa ukungu mwingi.

*Nikifungua hita kichwa kinauma na ninasikia kichefuchefu, lakini hakuna harufu ya moshi. Ni oili?*

Dada, funga hita na usiendeshe gari hilo mpaka masanduku na gasketi zikaguliwe. Oili ungeinusa. Dalili hizo ni za kaboni monoksaidi. Hata baada ya matengenezo, nunua kile kifaa cha kengele kinachoipima, ukae nacho ndani.

*Langu ni la volti 6, feni hii itafanya kazi?*

Itazunguka kivivu, haitasukuma kitu. Tafuta mota ya volti 6, au badilisha mfumo wote.

*Nimefanya yote, kioo bado kinashika ukungu upande wa abiria.*

Kaka, gusa kioo kwa ndani. Kikiwa na utando wa mafuta, ukungu unang'ang'ania. Kioshe kwa sabuni na maji, ukikaushe. Kisha angalia mpira wa upande huo, mara nyingi umechomoka kwenye tundu lake nyuma ya dashibodi. Na ufungue kioo cha mlango nusu inchi, hewa yenye unyevu ipate pa kutokea.