Somo: Kuchora dele la shaba kwa rangi za mafuta

Wengi huniuliza rangi ya dhahabu inauzwa wapi. Msinunue. Shaba hutoka kwenye oka (manjano ya udongo), amba (kahawia ya udongo) na nyeupe. Kinachoing'arisha ni giza lililo jirani yake.

1. Panga dele (birika la kahawa), ndimu mbili na kitambaa cha damu ya mzee. Fungua dirisha moja, zima taa, la sivyo kila kitu kitakuwa na vivuli viwili. Piga chaki unaposimama: ukihama hatua moja, mng'ao nao unahama.

2. Chora umbo, ukianza na mstari wa wima katikati. Litazame kwenye kioo. Upande uliopinda utajisema wenyewe.

3. Amba iliyozimuliwa kwa tapentaini, bila mafuta. Giza na mwanga tu. Finya macho mpaka yabaki madoa matatu: giza, kati, mwanga. Mimi hukaa hapa siku nzima, maana giza likikosewa, rangi haiokoi kitu.

4. Sasa rangi. Anza na ndimu, zitanyauka, dele litakungoja. Kila tabaka liwe na mafuta ya kitani mengi kidogo kuliko la chini yake. Ukigeuza, la juu hukauka kwanza, kisha hupasuka.

Halafu litazame tumbo la dele. Kumbe manjano ni kidogo! Kuna kijani cha ndimu, wekundu wa kitambaa chini kabisa, na dirisha limepinda kama mundu. Chora hayo, usichore "shaba".

5. Mng'ao: nyeupe nzito, mguso mmoja. Usiurudie.

Maswali

*Mwalimu, siku ya nne leo na bado inanata. Nimeharibu?*
Hapana. Rangi hii haikauki kama nguo kwenye kamba. Hukauka kwa kuvuta oksijeni. Amba huwahi, nyeusi ya mifupa hukawia. Iache penye hewa. Vanishi ni baada ya miezi 6 hadi 12.

*Mafuta ya nazi je, kitani kikikosekana?*
Hayakauki kamwe. Pikia wali.

*Matambara ya kufutia brashi nayatupa jaani?*
Usiyakunje wala kuyarundika! Yenye mafuta ya kitani hupata joto yenyewe hadi yakawaka. Yaloweke majini, au yatandaze nje moja moja yakauke.

*Najiona ndani ya dele, nimesimama na brashi. Nijifute?*
Jiache. Miguso mitatu ya amba, usijipe sura.