Kumfundisha Daktari Tarajali Kutafuta Ushahidi wa Tiba

Anza na karatasi, kompyuta baadaye. Tarajali wengi huandika jina la ugonjwa tu, wakaletewa maelfu ya makala, wakasoma tatu za juu. Kosa liko kwenye swali. Mwambie aligawe sehemu nne: mgonjwa, tiba, inalinganishwa na nini, matokeo gani. Mfano: mama anayevuja damu baada ya kujifungua, asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu), plasebo (kidonge au sindano isiyo na dawa ndani), kifo kitokanacho na kuvuja damu. Asiguse kibodi mpaka mwenzake alisome swali hilo na kulielewa bila kuelezwa.

Kwenye PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za kitabibu, atafute kwanza kwa mgonjwa na tiba pekee. Akiingiza zote nne atapoteza makala nzuri, maana muhtasari mara nyingi hautaji kila tokeo. Visawe viunganishwe kwa OR (au) ndani ya mabano, kisha makundi kwa AND (na), kwa herufi kubwa. Mwoneshe mabano yakikosekana: PubMed husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo tranexamic AND hemorrhage OR haemorrhage italeta kila makala yenye haemorrhage, hata isiyoitaja dawa hiyo. Hemorrhage na haemorrhage ni neno moja, kuvuja damu, kwa tahajia ya Marekani na ya Uingereza.

Maneno ya MeSH, yaani orodha rasmi ya maneno ya mada ambayo makala hupangiwa, yana nguvu, ila makala mpya huenda bado hazijapangiwa. Kila dhana aitafute kwa MeSH na kwa maneno ya kawaida pia. Kichujio cha binadamu pekee nacho hutegemea MeSH, kwa hiyo hutupa hizo hizo mpya. NOT (ondoa) iogopwe zaidi: NOT child hufuta hata utafiti uliohusisha watoto na watu wazima pamoja.

Sasa pima utafutaji wake kwa makala unayoijua. Jaribio la WOMAN, la asidi ya traneksamiki kwa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua, lililochapishwa kwenye The Lancet mwaka 2017 likiwa na wanawake 20,060, lazima litokee. Lisipotokea, usimwambie kosa. Afungue historia ya utafutaji aone PubMed ilivyoyatafsiri maneno yake, alitafute mwenyewe. Hatua hii ndiyo inayofundisha kuliko zote, ipe muda.

Likipatikana, muulize: vifo vya kuvuja damu vilipungua, je, vifo vya sababu zote? Havikupungua kwa kiwango cha kuthibitika. Na dawa ilisaidia ikitolewa lini? Ndani ya saa 3. Asiyeweza kujibu amesoma kichwa cha habari tu, arudi kwenye majedwali.