Ubuntu imegoma kuwaka baada ya kuapdeti keneli? Usikimbilie kuipiga upya

Umeapdeti, umerestati, skrini nyeusi imekuandikia `Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Tulia. Mafaili yako kwa kawaida yapo palepale, na Ubuntu ikileta keneli (kiini cha mfumo) mpya huwa inaiacha na ya zamani, kwahiyo tutaingilia hukohuko.

1. Zima kwa kushikilia kitufe cha pawa, washa tena. Tunataka menyu ya GRUB, pale pa kuchagua keneli ya kuwasha: mashine ya UEFI (nyingi za sasa) gonga Esc nembo ikishatoka tu, zile za BIOS ya kizamani shikilia Shift. Esc isizidi, ukiigonga sana inakutupa kwenye `grub>` tupu, ikitokea hivyo andika `normal`, bonyeza Enter halafu Esc chapchap.

2. Kwenye menyu ingia `Advanced options for Ubuntu`, chagua keneli yenye namba ndogo, ile isiyo na `recovery mode`. Ikiwaka, ngoma nusu imeisha.

3. Sasa tafuta mchawi. Fungua terminali:

`uname -r`
`df -h /boot`
`ls -lh /boot`

Mara nyingi, hasa kama uliifunga diski kwa LUKS (ile ya kuomba nenosiri la diski) wakati wa kuinstoo, `/boot`, folda ya keneli, ni patisheni (kipande cha diski) yake peke yake tena ndogo, utakuta imejaa 100%. Angalia vizuri hiyo orodha: `vmlinuz-6.8.0-47-generic` (keneli yenyewe) ipo lakini `initrd.img-6.8.0-47-generic` haipo, nafasi iliisha kabla haijaandikwa. Hiyo initrd ndo imebeba draiva za kufikia diski, bila yenyewe keneli inafika mlangoni haina funguo.

4. Punguza mzigo (namba weka za kwako):

`sudo apt autoremove --purge`

Apt ikileta ubishi, orodhesha kwa `dpkg -l 'linux-image*'` kisha toa moja ya zamani kabisa kwa `sudo dpkg --purge` na jina lake kamili. Ile iliyotajwa na `uname -r` usiiguse hata kidogo, ndo imekushikilia hapo ulipo! Halafu:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo update-initramfs -c -k 6.8.0-47-generic`
`sudo update-grub`

Hakikisha initrd imetokea, ndo urestati.

Kama `/boot` ina nafasi na hukuona panic, skrini tu ndo nyeusi na una kadi ya NVIDIA, mimi naanza na `dkms status` (DKMS ndo inajenga moduli, yaani draiva, kwa kila keneli). Moduli haijajengwa kwa keneli mpya? Instoo `linux-headers` za namba hiyohiyo, kisha `sudo dkms autoinstall -k 6.8.0-47-generic`.

Na kama hata ya zamani haiwaki, buti kwa fleshi ya Ubuntu, maunti patisheni ya mfumo kwenye `/mnt` (na `/boot` yake kama imejitenga), fanya `mount --bind` ya `/dev`, `/proc`, `/sys` na `/run`, ingia ndani ya mfumo wako na `sudo chroot /mnt`, rudia hatua ya 4. Humo ndani `uname -r` inakuonyesha keneli ya fleshi, usiifuate.