Somo: Kupima bunduki ya marisau kwenye karatasi kabla ya msimu wa fezanti

Msimu wa kuwinda ndege aitwaye fezanti hapa Iowa, Marekani, hufunguliwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, na kila mwaka wiki chache kabla yake naulizwa swali lile lile: ninunue risasi gani mwaka huu? Jibu langu halijabadilika. Kabla ya kutoa hata senti moja dukani, chukua bunduki uliyo nayo na risasi ulizo nazo, nenda ukapige karatasi, kwa sababu karatasi itakuambia mambo ambayo muuzaji hayajui na wewe mwenyewe huyajui.

Nasema hivi kwa kuwa nililipa ada ya ujinga. Misimu yangu mitatu ya kwanza nilikosa ndege wengi kuliko niliowapata, nikailaumu bunduki, kisha risasi, kisha upepo, na nikaishia kununua risasi za bei mara mbili ya zile za kawaida. Mzee mmoja niliyekuwa nikiwinda naye akanipeleka kwenye uwanja wa shabaha na bunda la karatasi ya buchani. Nilipofyatua mara tano, marisau yote, yaani zile punje ndogo zinazotoka ndani ya risasi, yalikuwa yamejikusanya kushoto kwa alama, karibu shubiri nzima, mara zote tano. Bunduki haikuwa na kosa. Mimi natumia mkono wa kulia, lakini jicho langu linalotawala ni la kushoto, na sikuwa nimewahi kulijua hilo maishani mwangu.

Kwa wageni wa mchezo huu, fezanti ni jamaa wa kwale. Jogoo wake anakaribia ukubwa wa kuku wa kienyeji, ana kichwa cha kijani kinachong'aa, pete nyeupe shingoni na mkia mrefu. Si ndege wa asili wa Marekani. Aliletwa kutoka China, akaanza kustawi Oregon katika miaka ya 1880, na hapa Iowa msimu wa kwanza wa kumwinda ulifunguliwa mwaka 1925. Anayeruhusiwa kupigwa ni jogoo peke yake, watatu kwa siku kwa kila mwindaji, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni. Aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972 hana budi kuwa amemaliza mafunzo ya usalama wa uwindaji ndipo apate leseni.

Hatua ya kwanza: jicho na bega, kabla ya risasi

Nyosha mikono yote miwili mbele, uviunganishe viganja ili vibaki na tundu dogo katikati, kisha utazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi. Fumba jicho la kushoto. Kitu kikibaki tunduni, jicho lako linalotawala ni la kulia. Kikitoweka, ni la kushoto. Mwenye mkono wa kulia na jicho la kushoto ana njia mbili: ajifunze upya kupigia bega la kushoto, jambo ambalo kijana ataliweza na mtu mzima atalichukia, au abandike kipande kidogo cha utepe mweupe usiopitisha picha kwenye kioo cha kushoto cha miwani, mahali mboni inapotazamia mtutu. Mimi nilichagua utepe.

Baada ya hapo, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba (mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) na magazini (ghala la risasi za akiba) ni tupu, kisha uipandishe bunduki begani ukiwa umefumba macho, shavu likae juu ya kitako kama linavyopenda lenyewe, ndipo ufumbue. Unapaswa kuona ile nukta ya kulengea iliyo mwisho wa mtutu ikiwa imekaa juu ya mgongo wa mtutu, haikuegemea upande. Ukiona sehemu ya nyuma ya bunduki imeifunika nukta, kitako kiko chini mno kwa uso wako na marisau yatapita chini ya ndege. Tofauti ya milimita moja na nusu hivi kwenye kitako huhamisha mahali pa kupiga kwa takriban sentimita mbili na nusu ukiwa umbali wa mita 15, na huongezeka kadiri umbali unavyoongezeka.

Hatua ya pili: vifaa na mahali

Unahitaji karatasi tano au zaidi zenye upana usiopungua mita 1.2, fremu ya mbao ya kuzibandika, futi ya kupimia, kamba yenye urefu wa sentimita 38, kalamu nyekundu, miwani ya kinga na viziba masikio. Usidharau masikio: mlio wa bunduki ya marisau hupita desibeli 150, na usikivu ukishapotea haurudi. Nenda kwenye uwanja wa shabaha wenye tuta la udongo nyuma, na uwaulize wahusika kama wanaruhusu karatasi, maana baadhi ya viwanja ni vya kupiga sahani za udongo zinazorushwa hewani tu.

Mbwa abaki nyumbani. Nitalirudia jambo hili katika maswali, kwa kuwa kila mwaka kuna anayelipuuza.

Hatua ya tatu: kufyatua

Anza ukiwa mita 15, umesimama kama unavyosimama shambani, na uweke alama ya ukubwa wa kifuniko cha chupa katikati ya karatasi. Usilenge polepole kama mwenye raifo, yaani bunduki ya risasi moja moja isiyo na marisau. Pandisha bunduki, macho yakiwa kwenye alama, na ufyatue mara tu kitako kinapogusa bega. Rudia mara tatu kwenye karatasi ile ile. Katika umbali huu tunatafuta jambo moja tu, yaani kitovu cha marisau kiko wapi ukilinganisha na alama. Kikiwa juu kidogo ya alama, usijali, kwa sababu fezanti anapokurupuka huwa anapanda. Kikiwa kushoto, kulia au chini, rudi hatua ya kwanza. Hakuna risasi ya kununua itakayolitibu hilo.

Ukiridhika, sogea nyuma hadi mita 36.6, yaani yadi 40, umbali ambao watengenezaji wenyewe huutumia kupimia. Pima kwa futi. Hatua za miguu hudanganya, hasa za mtu mwenye haraka. Sasa fyatua mara moja tu kwa kila karatasi, na juu ya kila karatasi andika aina ya risasi, namba ya marisau (namba ikipungua, punje ni kubwa zaidi) na choki, yaani kile kibano kilichofungwa mdomoni mwa mtutu ili marisau yasitawanyike mno. Karatasi moja haitoshi kuhukumu, kwa sababu bunduki ile ile na risasi za pakiti ile ile hutofautiana kila mlio.

Hatua ya nne: kuhesabu

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo penye faida yote. Tandika karatasi chini, tafuta kwa jicho mahali marisau yalipobanana zaidi, chomeka msumari hapo na kwa ile kamba ya sentimita 38 uchore duara. Duara lizunguke mahali marisau yalipokwenda, si alama uliyoilenga. Kisha hesabu matundu yaliyo ndani, ukiyatia nukta nyekundu kila moja ili usihesabu mara mbili. Binti yangu wa miaka kumi hunisaidia. Yeye hupiga magoti upande mmoja na mimi upande wa pili, tunakutana katikati, na hesabu yake huwa sahihi kuliko yangu.

Gawanya hesabu kwa idadi ya marisau yaliyokuwemo ndani ya risasi. Kwa vipimo vya Marekani, aunsi moja ya marisau ya namba 6 ina takriban punje 225, ya namba 5 ina 170 na ya namba 4 ina 135. Risasi yangu ina aunsi moja na robo ya namba 6, kwa hiyo ni punje 281 hivi. Mwaka jana karatasi zangu tano zilitoa 171, 158, 164, 149 na 168. Wastani ni 162, sawa na asilimia 58. Mtutu usio na choki kabisa huweka kama asilimia 40 ndani ya duara hilo, choki nyepesi 50, ya kati 60, na kali 70. Yangu imeandikwa kuwa ya kati, na karatasi imekubaliana nayo. Si mara zote hukubaliana: nimeona choki iliyoandikwa kali ikitoa asilimia 55 kwa risasi za aina moja na 72 kwa aina nyingine.

Asilimia pekee haitoshi. Kata umbo la ndege kwenye kadibodi, lenye ukubwa wa kiwiliwili cha fezanti bila mkia, ulitembeze juu ya duara. Likipata pengo ambamo linafunika tundu moja au mawili tu, ndege halisi angepita hapo akiwa na jeraha, akaenda kufia kwenye majani mbali na mbwa wako. Natafuta angalau matundu manne au matano popote ninapoliweka. Nikikuta mapengo, najaribu risasi nyingine au nabadilisha choki, na yasipoisha, huo ndio ushahidi kwamba mita 36 ni mbali mno kwangu na mpaka wangu uwe 27.

MASWALI YA WANACHAMA KUTOKA MIJI YA IOWA

Swali (Cedar Rapids): Kaka, nina geji 20 ya mke wangu na geji 12 yangu. Naweza kubeba risasi za zote mbili kwenye fulana moja?

Jibu: Hapana, kaka, na tafadhali lichukulie kwa uzito. Geji ni hesabu ya mipira ya madini ya risasi inayoenea mtutuni ambayo ikikusanywa hufanya ratili moja, kwa hiyo 20 ni nyembamba kuliko 12. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye mtutu wa geji 12 huteleza ndani na kukwama mbele ya chemba, mahali usipoiona. Bunduki haitalia, nawe utadhani hukuijaza. Utaweka risasi ya 12 nyuma yake na mtutu utapasukia mkononi mwako. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya njano. Kila bunduki na fulana yake.

Swali (Des Moines): Eneo la umma ninalowinda linataka marisau ya chuma. Vipimo vyangu vya mwaka jana bado vinafaa?

Jibu: Havifai, anza upya. Kiswahili chetu kinatuchanganya hapa, kwa kuwa risasi ni jina la madini na pia jina la kile unachokitia kwenye bunduki. Marisau ya madini ya risasi ni mazito. Ya chuma ni mepesi, hupoteza kasi mapema, lakini ni magumu, hayabonyei, na kwa hiyo hubanana zaidi. Panda namba mbili kwa ukubwa, yaani uliyekuwa ukitumia namba 6 utumie namba 4, na ulegeze choki daraja moja. Usipige chuma kwenye bunduki ya zamani wala kupitia choki kali bila kusoma maelezo ya mtengenezaji. Kwa bata na mabata bukini huna hiari, kwani marisau ya madini ya risasi yamepigwa marufuku kwao nchi nzima tangu 1991.

Swali (Waterloo): Shikamoo mwalimu. Nimepata mbwa wa Labrador wa miezi saba. Kwa nini nisimlete uwanjani azoee mlio?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa sababu uwanjani atasikia milio mingi, mikubwa, isiyo na maana yoyote kwake, na mbwa aliyeingiwa na hofu ya bunduki ni kazi ngumu sana kumponya. Mlio lazima uje pamoja na furaha. Mwache kwanza apende ndege kupita kiasi: mrushie bawa, kisha njiwa. Akishakuwa anakimbiza bila kutazama nyuma, mtu mwingine asimame kama mita 100 na kufyatua fataki ndogo isiyo na marisau wakati mbwa yuko katikati ya mbio. Tazama masikio na mkia. Asiposhtuka, sogeeni siku nyingine, si siku hiyo hiyo. Akisimama na kuangalia ulikotoka mlio, rudini nyuma mbali zaidi ya mlipoanzia. Na tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani yenye milio ya fataki, mfungie ndani.

Swali (Iowa City): Ninayo raifo ya .22. Kwa kuwa ni ya risasi moja na sahihi zaidi, si afadhali kuliko kumwaga marisau hewani?

Jibu: Si afadhali hata kidogo. Marisau ya namba 6 huanguka baada ya mita mia mbili na ushee, yakiwa yamechoka. Risasi ya .22 iliyopigwa juu yaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili, na hapa kila baada ya maili moja kuna barabara na nyumba ya mkulima. Raifo hupigwa pale tu unapoona udongo nyuma ya shabaha.

Swali (Davenport): Kwetu Tabora marehemu babu aliwinda kanga kwa gobore lisilo na choki, wala hakuhesabu karatasi, na tulikula. Mnatutisha bure?

Jibu: Babu alipima, mzee wangu, ila alipima kwa miguu. Mtutu wa gobore hauna choki, ni ile asilimia 40, na hakuna aliyemwambia kwa tarakimu. Alijua tu kwamba lazima anyatie mpaka karibu sana, na mara nyingi alimpiga kanga akiwa chini au juu ya mti. Sisi tunapiga anayeruka, mbele yetu kuna mbwa, na pembeni kuna wenzetu. Hapa hapigwi ndege wa chini, kwa sababu mbwa humrukia. Subiri mpaka uone mbingu chini ya tumbo la ndege, na uwe umeona ile pete nyeupe ya shingoni. Usipoiona, iache bunduki ishuke.